Kona ya Hisabati Si ya Wageni

Somo la mfano la darasa la awali nililolitazama sitalisimulia lote. Nyimbo zilipangika, vikundi vilikaa vizuri kwenye mikeka, sauti ya mwalimu ilifika. Kosa lilikuwa kwenye kona ya hisabati, na ni kosa kubwa.

Swali lilikuwa nne na tano ni ngapi. Binti mmoja hakujibu. Aliinuka, akaenda moja kwa moja kwenye trei ya vizibo vya soda iliyokuwa kwenye kona hiyo. Hicho ndicho tunachokihangaikia mwaka mzima: mtoto ajue amekwama, na ajue pa kwenda kujikwamua. Mwalimu akamwambia, "Rudi ukae, mwanangu, hivyo ni vya kuonyesha wageni." Akarudi, akabahatisha: saba. Darasa likaitikia "tisa!" kwa pamoja, somo likasonga, na hakuna mtoto aliyeigeukia tena kona ile.

Angeachwa, zingepita dakika mbili. Vizibo vinne huku, vitano kule, avisogeze vikutane, wenzake wakitazama kujumlisha kukifanyika mikononi mwa mwenzao. Walichojifunza badala yake ni kwamba jibu hutoka kwa mwalimu.

Suala hili la mtoto kujichukulia vifaa, mwanaelimu Maria Montessori alilimaliza mtaani San Lorenzo, Roma, katika shule yake ya watoto wadogo, Casa dei Bambini, aliyoifungua 1907. Siku moja mwalimu alisahau kufunga kabati. Akachelewa, akakuta watoto wamejichagulia vifaa na wanafanya kazi. Yeye aliona wizi. Montessori aliona watoto wanaojua wanachokitaka, akaweka makabati mafupi yaliyo wazi. Hata walimu wetu wa zamani, ambao hawakuwa na kona yoyote, walihakikisha kila mtoto ana vijiti vyake mkononi.

Na kuta za darasa lile, zilivyojaa mapambo! Nimewalalamikia mara nyingi wakaguzi wanaohesabu chati za manila, na sijachoka. Mwaka 2014 Anna Fisher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha matokeo ya watoto 24 wa chekechea waliofundishwa sayansi: chumba kikiwa kimejaa mapambo walipata wastani wa asilimia 42, kuta zikiwa tupu asilimia 55.

Kabla ya somo la mfano lijalo, nusu ya mapambo yale iondolewe, chati ya namba ishushwe hadi usawa wa macho ya mtoto aliyeketi, na trei zikae chini, wazi, tangu siku ya kwanza ya muhula.