Sharti la Kelvin: Kuisoma Upya Insha ya Umri wa Jua

William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, ana watetezi wengi. Husema kwamba ingawa alikosea umri wa jua, aliweka sharti: alikiri kuwa huenda kipo chanzo cha joto kisichojulikana. Tuitazame insha yenyewe, iliyotoka Machi 1862 katika jarida la Macmillan's Magazine.

Hoja yake ni nzito. Jua lingekuwa linaungua kama makaa, lingekwisha kwa miaka elfu chache tu. Kwa hiyo anaifuata rai ya Helmholtz ya mwaka 1854: jua hujikunyata polepole kwa nguvu ya mvutano wake lenyewe, na kujikunyata huko ndiko kunakozaa joto. Akipiga hesabu anapata kwamba yaelekea jua halijaiangaza dunia kwa miaka milioni 100, na ni karibu yakini kwamba halijafikisha milioni 500.

Je, sharti liko wapi? Liko katika sentensi ya mwisho, nayo yahusu wakati ujao: wakazi wa dunia hawatafaidi mwanga huo kwa mamilioni mengi ya miaka, isipokuwa kama kuna vyanzo tusivyovijua. Kishazi hicho tegemezi hakiigusi kabisa ile sentensi ya miaka milioni 500. Watetezi wamekihamisha. Na hapa, kwa maoni yangu, ndipo penye udhaifu wa insha: chanzo kinachoweza kurefusha maisha ya jua mbele kingeweza pia kuyarefusha nyuma, lakini Kelvin anasema juu ya nyakati zote mbili kwa yakini ileile.

Tena anaitilia shaka miaka milioni 300 ambayo Darwin alikisia kwa mmomonyoko wa Weald, kusini mwa Uingereza, ilhali Darwin alikwisha kuifuta katika toleo la tatu la kitabu chake, mwaka 1861.

Chanzo kilipatikana. Mwaka 1920 Eddington alipendekeza kuwa haidrojeni hugeuka heli ndani ya nyota. Mwaka 1939 Bethe akaeleza hatua zake. Umri unaokubalika leo, ukithibitishwa na vimondo, ni miaka bilioni 4.6 hivi.

Walimu wa sarufi, mkitafuta mfano wa kishazi cha masharti chenye uzito, mnao. Na mwanafunzi akiandika kwamba jua "linawaka", msimkatie alama. Mwulizeni tu linawaka kwa kuni gani.