Mtumiaji na Msaidizi Wake: Tathmini ya Historia ya Mwingiliano wa Binadamu na Kompyuta kwa Mtazamo wa Nakaloke

Kitabu cha Jonathan Grudin, From Tool to Partner (2017), ni miongoni mwa historia pana za taaluma ya mwingiliano wa binadamu na kompyuta. Ubora wake ni kwamba hakifuati uzi mmoja: kinaonesha jinsi ergonomia, mifumo ya taarifa na sayansi ya kompyuta zilivyopita njia tofauti, hadi mkutano wa Gaithersburg, Maryland, mwaka 1982, ulipoipa taaluma hii jumuiya yake. Nguzo ya hoja yake ni tofauti baina ya matumizi ya lazima na matumizi ya hiari. Karani aliyepewa kompyuta na mwajiri hakuwa na budi kuizoea. Aliyejinunulia angeweza kuiacha. Hapo ndipo urahisi wa matumizi ulipopata uzito wa kiutafiti.

Tofauti hiyo inazieleza vyema ofisi za Marekani. Haitoshi kuieleza Nakaloke, mji mdogo wa biashara kaskazini mwa Mbale, kando ya barabara iendayo Kumi. Mkulima asiyesoma menyu ya simu humkabidhi wakala simu yake, na pengine namba yake ya siri. Hiari ni ya nani hapo? Wakala ndiye anayebonyeza; mkulima ndiye atakayepata hasara fedha zikipotea. Mtumiaji mmoja amegawanyika kuwa watu wawili, nayo nadharia haina jina la kumwita yeyote kati yao.

Hali hii si ngeni. Mwaka 2006 Jan Chipchase, akiitafitia Nokia, alieleza desturi iliyoitwa sente nchini Uganda: aliye mjini hununua vocha, humsomea mwenye simu ya kijijini namba zake, naye hukata ujira wake na kumpa jamaa fedha taslimu. MTN ilianzisha huduma rasmi ya fedha kwa simu Uganda mwaka 2009. Kwa hiyo msaidizi alitangulia mfumo. Hakuzaliwa na udhaifu wake.

Yaweza kupingwa kwamba usaidizi huu ni wa mpito, na kwamba elimu itauondoa. Lakini Jenna Burrell, katika utafiti wake wa mwaka 2010 kuhusu vijiji vya Uganda, alionesha kuwa simu ya pamoja hufuata mamlaka yaliyokwishakuwepo, na wanawake mara nyingi hutegemea idhini ya mmiliki. Mahusiano ya namna hiyo hayafutwi na kisomo pekee.

Kongamano la AfriCHI lilipofanyika kwa mara ya kwanza Nairobi mwaka 2016, watafiti wa Afrika walipata jukwaa lao. Jukwaa hilo halitoshi iwapo kipimo kitabaki kile cha mtu mmoja mbele ya kioo kimoja. Huduma za umma zinazohamishiwa kwenye simu zijaribiwe kwa jozi: msaidizi na asaidiwaye, katika lugha wanayozungumza wao, iwe Lugisu, Ateso au Kiswahili. Aidha, kanuni zimruhusu mtu kusaidiwa bila kutoa namba yake ya siri. Sera inayodhani kila mtumiaji yu peke yake humwachia mzigo wa hasara yule asiyeweza kusoma kilichoandikwa kwenye kioo.