Gemu Zuri Hujulikana Ukifungwa

Mtu akinishikisha simu nimtazamie gemu jipya, najua anachotaka nikione: nyasi zinavyopepea, jasho kwenye paji la uso wa mshambuliaji, kivuli cha gari kinavyokimbia barabarani. Kazi hiyo ina watu wake na inastahili heshima yake. Lakini mimi humwomba aniache nicheze mpaka nifungwe, maana hapo ndipo gemu linapojieleza. Nikifungwa nikajua kwa nini, na kidole kikarudi chenyewe kwenye kitufe cha kuanza upya, nimeshika kazi ya fundi. Nikibaki kuuliza "sasa hapo nimekosea nini?", basi hata picha zake ziwe za sinema, aliyelitengeneza hajamaliza kazi.

Anza na nyoka. Kwa wengi wetu tuliokulia huku Sigi, chini ya misitu ya Amani mkoani Tanga, kompyuta ya kwanza kuishika ilikuwa Nokia ya mjomba, na gemu la kwanza likawa nyoka. Taneli Armanto, mhandisi wa Nokia kule Finland, ndiye aliyeliandika kwa ajili ya simu ya 6110 iliyotoka mwaka 1997. Kioo kidogo, hakina rangi, na vidole vinahangaika kwenye namba 2, 4, 6 na 8. Hakuna kilichofichwa: ukuta unauona, mkia unauona, chakula unakiona. Ukifa umejiua mwenyewe, na unajua ni kona ipi uliyochelewa kuikata.

Ndani yake kuna jambo ambalo wachezaji wengi hawakuwahi kulitambua. Armanto aliona kwamba kwenye mwendo wa kasi mchezaji anakosa kukata kona kwa sababu ya kuchelewa kidogo tu. Akaweka subira ya sehemu ndogo sana ya sekunde kabla nyoka hajagonga, ili aliyebonyeza mwishoni kabisa aokoke. Ukicheza huioni subira hiyo. Unachohisi ni kwamba wewe una mkono mwepesi. Mtengenezaji anayekufanyia hisani na asijitangaze, huyo nampa alama za juu kuliko yule anayenirushia fataki kila nikigusa kioo.

Shigeru Miyamoto wa Nintendo naye alifundisha bila kusema neno. Tazama mwanzo wa Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Mario amesimama upande wa kushoto, kulia kuna nafasi tupu, basi mguu unakwenda kulia wenyewe. Kinakuja kiumbe kidogo, polepole. Usiporuka unakufa, lakini umepoteza sekunde chache tu na somo la kuruka umelipata. Mbele kidogo unagonga kitofali, kinatoka kiyoga, kinateleza kuelekea kulia, kinagonga bomba na kurudi kwako. Hata ukiogopa na kutaka kukiruka, vitofali vya juu vinakubana kichwa na kiyoga kinakugusa. Unakua. Tayari umejua kwamba si kila kinachokujia ni adui, na hakuna maandishi yaliyokwambia hivyo. Gemu la leo linalokuwekea kurasa za maelezo kabla hujagusa mpira linanitia shaka mapema sana.

Sasa mpira, maana ndiko watu wetu wanakobishana. Kwenye mabanda ya gemu, uwe Muheza au Lushoto mjini, sheria ni moja: aliyefungwa anaachia padi. Sheria hiyo imezaa wachambuzi wakali. Sikiliza malalamiko ya anayeinuka kwenye benchi. Akisema "nilichelewa kumtoa kipa" au "beki yangu niliivuta mbele mno", gemu ni zima. Akisema "nimebonyeza ikakataa", kuna ubovu. Kwanza hakikisha ubovu si wa padi, maana padi za mabandani zimepigwa sana. Badilisha padi, rudia pasi ileile. Ikikataa tena, lawama ni ya watengenezaji.

PES 6 ya Konami, ya mwaka 2006, ilipita mtihani huo kwa raha kwenye PlayStation 2. Mpira haukugandishwa mguuni. Ulikuwa na uzito wake na njia yake, hivyo pasi iliyopigwa huku mwili umegeuka ilikwenda vibaya, na mpigaji alijua kwamba alipaswa kugeuka kwanza. Wenye kanuni hiyo mikononi ndio hao hao Konami waliotoa eFootball 2022 mwishoni mwa Septemba 2021, ikiwa haijaiva: nyuso za wachezaji zikawa kichekesho duniani kote, pasi nzito, wachezaji wakapishana na mpira kama hawauoni. Kampuni yenyewe ikaomba radhi. Kwa hiyo usinunue jina. EA nao walipoachana na FIFA, gemu lao likaitwa EA Sports FC kuanzia 2023, na aliyekuwa analijua la zamani alilijua lile jipya kwa pasi ya kwanza.

Kwenye simu, vijana wengi wako na Dream League Soccer ya First Touch Games, kampuni ya Oxford, Uingereza. Huko kuna ufundi mwingine ambao watu hawaupi hadhi yake, na ni ufundi wetu. Gemu hilo linakuruhusu kuingiza jezi yako kwa kubandika kiungo cha picha yenye pikseli 512 kwa 512. Vijana wa Kitanzania wanachora jezi za Simba na Yanga, wanazipandisha, na kiungo kinasambaa. Picha yenyewe ni kitambaa kilichofunuliwa: kifua hapa, mgongo pale, mikono na kaptula pembeni. Mchoraji lazima aione jezi imevaliwa wakati yeye anaichora ikiwa imelala. Nikipima jezi hutazama begani kwanza. Mstari wa kifuani ukifika mkononi ukakatika au ukapishana, amechora haraka. Kisha nembo, je, imekaa juu ya moyo au imeteremka kwapani? Halafu nasubiri marudio ya goli, kamera inaposogea, nione kama maandishi ya mdhamini yanasomeka au yamekuwa ukungu. Nimeziona jezi za vijana wasiojulikana zilizopita vipimo hivyo vyote vitatu, na ningependa majina yao yaandikwe kama ya washonaji wazuri.

Kuhusu magemu ya bure yanayojilipa kwa kuuza almasi na sarafu, kipimo changu ni kifupi. Ukifungwa, kitu gani kinatokea kwanza kwenye kioo: pale ulipokosea, au duka? Kati ya hayo, Free Fire ya Garena ya mwaka 2017 naiheshimu kwa jambo moja kubwa, kukubali kukimbia kwenye simu ndogo ambazo ndizo tulizonazo. Kipimo kingine kifupi: zima data, kisha fungua gemu. Barabara ya kupanda Amani kona moja ina mtandao na kona inayofuata haina. Gemu la kucheza peke yako linalogoma kwa sababu mtandao umekata limetengenezwa na mtu asiyekufikiria, na linakula bando lako bure.

Nimebakiza bao, na hapa ndipo ninapokuwa mkali, kwa sababu ni letu. Kuliweka bao la Kiswahili kwenye simu kunaonekana rahisi: mashimo 32, kete 64, kila mchezaji akianza namua, ile hatua ya kwanza ya kutia kete moja moja, na kete 22 mkononi. Kuna wanaolichukulia kama hesabu ya kumwaga kete tu, na mchezaji wa kweli anawagundua mapema. Kula kichwa cha kushoto, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, au kimbi kinachokifuata, uone kama gemu linakulazimisha kusambaza kutokea kushoto, au linakupa uhuru usio wako. Tafuta hali ambayo unaweza kula, halafu jaribu kutakata, yaani kusambaza bila kula. Lisipokuzuia, limekosea sheria ya msingi. Kisha lete kete ya mwisho nyumbani kwako, lile shimo la mraba, ukiwa katikati ya kula kwenye namua. Gemu linapaswa kusimama na kukuuliza: unalala, uishie hapo, au unasafiri, uendelee na kete za nyumba? Uamuzi huo ni moyo wa namua. Anayekusafirisha bila kukuuliza hajawahi kukaa barazani akavunjiwa nyumba.

Kasi nayo ina sheria. Kete zinapaswa kudondoka moja moja, kwa mwendo ambao jicho linaweza kuhesabu. Baadhi ya magemu hukuonyesha matokeo tu: mashimo yalikuwa hivi, sasa yako vile, na mbele yako pamekauka. Umefungwa na hukuona ulivyofungwa. Mcheza bao hujifunza kwa kufuata mkono wa mwenzake, na gemu linaloficha mkono huo limeondoa mafunzo yote.

Ndiyo sababu kila nikisikia studio mpya ya Afrika Mashariki huuliza kwanza kama waliomo ni wachezaji. Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, gemu la pande tatu lenye shujaa msichana, wakati karibu hakukuwa na mtu wa kumfundisha kazi hiyo hapa kwetu. Baadaye, pamoja na Eyram Tawia wa Ghana, akaanzisha Leti Arts. Kola Studios ya Kampala waliichukua karata ya Matatu, mchezo ambao Waganda wanaujua tangu utotoni. Chaguo hilo lilihitaji ujasiri, kwa kuwa kila mtumiaji angekuwa mwamuzi wa sheria. Weza Interactive ya Nairobi wameleta gemu la Mzito. Kazi hizi sizipimi kwa huruma. Nazipima kwa rula ileile ya Miyamoto na Armanto, kwa sababu wenyewe wameingia uwanja huo huo, na kuwaonea huruma ni kuwadharau.

Kijana anayetengeneza gemu Tanga au Muheza leo ana kompyuta yenye nguvu kuliko zile za wakati wa Mario. Akiniuliza afanye nini kabla hajalitoa, namwambia alipeleke kwa mtu ambaye hajawahi kuliona, ampe simu, akae pembeni na asimweleze chochote, hata mkono ukimwasha wa kutaka kumwonyesha. Mtu huyo akifungwa na kusema "ngoja, narudia", aendelee na picha na sauti. Akigeuka na kuuliza "imekuwaje?", arudi kuiandika upya sehemu hiyo kabla hajagusa rangi.