Baridi, Moshi na Mandhari: Namna Safari za Kiswahili Zinavyoeleza Maajabu ya Nchi

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiwa njiani kutoka pwani kwenda Uchaga, aliona juu ya mlima uliokuwa mbele yake kitu cheupe chenye kung'aa. Kwanza alidhani ni wingu. Kiongozi wake alikiita kitu kile kwa neno moja: baridi. Rebmann akaandika katika habari zake za safari kwamba yule mtu alikiita baridi tu, hali yeye mwenyewe hakuwa na shaka kuwa ni theluji. Maneno hayo yalipochapishwa Uingereza mwaka 1849, mtaalamu wa jiografia W. D. Cooley aliyakataa, na ubishi haukutulia mpaka baada ya safari za Baron von der Decken za mwaka 1861 na 1862. Ubishi huo umesimuliwa mara nyingi. Neno la kiongozi limeachwa kando, kama kioja kidogo cha kuchangamsha hadithi.

Neno hilo lastahili kupimwa kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa ndani yake mna namna nzima ya kueleza nchi. Rebmann alisema “tu”, kana kwamba kiongozi alipungukiwa na lugha. Kwa upande mmoja ni kweli: mtu wa pwani hakuwa na haja ya kila siku ya kuitaja theluji. Neno theluji lenyewe ni la Kiarabu, na barafu limetoka katika Kiajemi, ambako maana yake ni theluji hasa. Kiswahili kililipokea na kulitumia kwa maji yaliyoganda. Lakini Rebmann aliona rangi na umbo, akalinganisha na milima ya kwao Ulaya. Kiongozi alitaja jambo ambalo kitu kile humfanyia mtu anayekikaribia. Katika nchi ile ile Rebmann aliambiwa habari za watu waliotumwa na mtawala wao wapande wakaitazame ile “fedha” ya mlimani, wakapotea, na aliyerudi akarudi viungo vyake vimeharibika. Kwa watu wenye habari kama hiyo, kuuita weupe ule baridi si upungufu wa lugha. Ni onyo, nalo ni sahihi.

Jina la Mosi-oa-Tunya lina tabia iyo hiyo. Wakololo waliyaita hivyo maporomoko makubwa ya mto Zambezi, maana yake moshi unaonguruma, na jina lilikuwapo kabla ya Livingstone kufika tarehe 16 Novemba 1855 na kuyapa jina la malkia wake. Maporomoko hayo yana upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108, nayo yamo mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Livingstone, aliyekuwa mpimaji hodari, aliukisia upana wake kuwa mdogo kuliko ulivyo. Jina la Wakololo halikukisia kitu. Linamweka msikilizaji mahali pa msafiri anayekuja kutoka mbali: kwanza moshi machoni, kisha mngurumo masikioni, na maji yenyewe bado hajayaona. Ni maelezo ya mtu anayetembea.

Safari za Kiswahili zilizoandikwa mwishoni mwa karne ya 19 zafaa zisomwe kwa nuru hiyo. Carl Velten alizichapisha Göttingen mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli, na mwaka 1965 Lyndon Harries alizirudisha mbele ya wasomaji pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mojawapo, nayo ndiyo ya ajabu kuliko zote, ni safari ya Salim bin Abakari, ambaye mwaka 1896 aliandamana na bwana wake Mjerumani, Dokta Bumiller, kupita Urusi mpaka Siberia na milima ya Altai, kisha wakarejea kwa njia ya Asia ya Kati. Hapa ilikuwa nafasi ambayo mwandishi wa leo angeitamani: mito mipana ya kaskazini, nyika zisizo na mwisho, milima yenye theluji, na mwandishi anayeandika kwa lugha ambayo bado haijachoshwa na sifa za mahali kama hapo.

Msomaji anayeyataka maajabu hayo yaliyopambwa hatayapata. Salim huanza na chombo, kwa kuwa ndicho kilichombeba: garimoshi, merikebu ya mtoni, gari la farasi. Hueleza umbali kwa siku na saa. Hutaja chakula, malazi, baridi na hali ya njia, na zaidi ya yote hutaja watu, wanavyoishi na wanavyomtazama yeye. Jambo hili la mwisho halipatikani katika vitabu vya wasafiri wa Ulaya wa wakati ule isipokuwa kwa nadra. Msafiri wa Ulaya husimama juu ya kilima na kuitazama nchi kama mali iliyotandikwa mbele yake. Salim hukusanyikiwa. Kila anapofika yeye ndiye ajabu ya mahali, na nchi anayoiona ni nchi yenye macho. Kwa hiyo mlima katika maandishi yake haupati kusimama peke yake. Daima kuna mtu njiani anayeuliza huyu ni nani.

Wako wanaosema kuwa ukavu huo ni dalili ya ujinga wa uzuri wa nchi. Hukumu hiyo ni ya haraka. Yafaa ikumbukwe kwamba Salim alikuwa mtumishi, na mtumishi katika safari hana saa ya kukaa kitako akautazama mlima. Tena aliandika kwa ajili ya Mjerumani aliyekuwa akikusanya habari za mila na lugha, si kwa ajili ya wasomaji wenzake wa pwani. Asiyejua nani angesoma hawezi kulaumiwa kwa kuandika mambo yanayopimika. Hata hivyo lawama moja inabaki. Ziko sehemu ambapo hesabu ya siku na vituo inameza kila kitu, na msomaji hajui kama siku tatu alizopewa zilikuwa za msituni, za nyikani au za bondeni. Neno baridi la kiongozi wa Rebmann lilikuwa na mlima ndani yake. Siku zilizohesabiwa hazina kitu ndani yake ila siku.

Martin Kayamba, aliyekwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya kuunganishwa kwa nchi za Afrika ya Mashariki, alikipa kitabu chake cha mwaka 1932 jina la Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Jina hilo lafaa kwa safari zote zilizotajwa: kuona hakukupewa ruhusa ya kwenda peke yake bila kutenda. Na Shaaban Robert, katika Kusadikika, aliwatuma wajumbe katika pande sita za ulimwengu, wala hakuwatuma wakastarehe macho. Walirudi na mambo ya kuwafaa wenzao, na malipo yao yakawa kifungo. Desturi ya safari katika nathari ya Kiswahili ni hiyo, nayo ni nzito.

Sasa na itazamwe nathari ya Kiswahili inayoandikwa leo juu ya kutembelea mahali pa fahari duniani, katika vijitabu vya utalii, magazeti na matangazo. Huko uzito huo umepotea, na kilichoshika mahali pake ni mafungu machache ya maneno: mandhari ya kuvutia, vivutio lukuki, kivutio cha aina yake, uzuri usioelezeka. Fungu la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa mwandishi amelipwa aeleze.

Maneno yenyewe hayana kosa. Mandhari na nadhari ni ndugu. Mzizi wao wa Kiarabu ni kutazama, na nadhari katika Kiswahili imekuwa kuangalia kwa akili, kuzingatia. Mtalii naye ni jamaa ya mutalaa, yaani kusoma na kudurusi. Aliyeyapokea maneno hayo katika lugha alipokea kazi. Lakini kivutio ni neno la namna nyingine. Ni kitu kinachovuta, na sentensi inayolitumia aghalabu haisemi kinamvuta nani. Ikisema, husema wageni. Msomaji wa Kiswahili, ambaye ndiye aliyeshika kijitabu, hakuhesabiwa miongoni mwa wanaovutwa. Ameambiwa tu kuwa nchini mwake mna kitu ambacho wengine watakilipia.

Njia rahisi ya kuijaribu nathari hiyo ni kulibadilisha jina la mahali. Chukua maelezo ya Ngorongoro kama yanavyoandikwa kwa kawaida, ondoa jina na wanyama, weka Grand Canyon ya Marekani au Iguazú iliyo kati ya Argentina na Brazili: maelezo yatakubali bila manung'uniko. Lakini mahali hapo patatu hapafanani hata kidogo. Ngorongoro ni volkano iliyobomoka ikazama ndani yake, ikaacha beseni lenye sakafu ya kilomita za mraba 260 hivi na kingo zenye kimo cha mita 600 na zaidi. Grand Canyon ni kazi ya mto Colorado, uliokata mwamba kwa mamilioni ya miaka mpaka ukafanya mfereji wa urefu wa kilomita 446, na penye kina kirefu kabisa ni zaidi ya mita 1,600. Iguazú ni mto mpana uliofika ukingoni mwa jabali ukagawanyika kuwa mamia ya maporomoko. Moja ni kuzama, la pili ni kukatwa, la tatu ni kuanguka.

Kiswahili kina maneno ya kutofautisha hayo yote. Kina bonde, korongo, genge, ufa, shimo, poromoko, ukingo, mteremko, na kila moja lina umbo lake. Wasemao Korongo la Olduvai wamechagua vema kuliko wasemao bonde, kwa kuwa korongo huchimbwa na maji na kingo zake husimama wima. Na Grand Canyon nayo, pamoja na ukubwa wake wote, ni korongo. Kreta limekwisha ingia kwa lazima ya elimu na hapana sababu ya kulifukuza, ingawa lingefaidika kama lingeandikwa pamoja na neno la kumwonyesha msomaji beseni. Tarakimu nazo hazitoshi. Mita 1,600 ni hewa tupu kwa asiyeambiwa kwamba anayeshuka asubuhi kwa miguu hushauriwa asijaribu kufika mtoni na kupanda tena siku ile ile. Shauri hilo hutolewa na walinzi wa mbuga yenyewe, nalo ni la ukoo mmoja na lile neno baridi.

Hasara ya nathari hii si ya ladha peke yake. Barafu ya Kilimanjaro, mlima wenye kimo cha mita 5,895, ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya mwaka 1912 na 2011, na inaendelea kupungua. Kijitabu kinachosema kilele kimefunikwa na theluji ya kuvutia kingeweza kuandikwa mwaka wo wote wa hiyo karne moja bila kubadilisha herufi. Maana yake ni kwamba hakikuona kitu. Hans Meyer, aliyefika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, aliandika kitabu kizima, na kutokana nacho hujulikana barafu ilikuwa wapi siku zile. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayetajwa kuwa kiongozi wao, hakuacha kitabu.

Waongozaji na wapagazi wa Kilimanjaro wa leo hufanya kazi yao kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili huwaonya wageni waende polepole, na moja ya kambi za juu, kwenye mita 4,600 na zaidi, huitwa Barafu, ingawa siku nyingi za mwaka mahali penyewe ni mawe matupu. Mzee aliyepanda kwa miaka thelathini anajua barafu ilikuwa ikianzia kwenye jiwe lipi alipokuwa kijana, mguu uliteleza wapi ambapo sasa hauteleza, na maji ya kupikia yalichotwa wapi. Velten alipowakalisha watu wa pwani na kuwaomba habari za safari zao, alipata maandishi yanayosomwa hata leo pamoja na kasoro zake zote. Mkusanyaji atakayepanda Marangu au Machame na daftari lake angeweza kuanza na swali hilo la jiwe, kabla hajauliza lo lote juu ya uzuri.