Kufasiri Majina ya Mahali: Malvinas na Falkland

Wafasiri hufundishwa kanuni moja fupi, kwamba jina la mahali halifasiriwi. Kanuni hii ni nyepesi kukariri, walakini haidumu hata katika ukurasa mmoja wa gazeti. Msemaji wa Kihispania huuita mji mkuu wa Uingereza Londres. Mji mkubwa kupita yote wa Marekani huuita Nueva York, na New Zealand kwake ni Nueva Zelanda. Mwingereza naye husema Seville badala ya Sevilla, na Castile badala ya Castilla. Lakini Mwingereza huyo huyo haifasiri Buenos Aires, ijapokuwa maana yake ni hewa njema. Wala Costa Rica, pwani yenye utajiri. Wala Los Angeles, malaika, ingawa mji huo umo katika nchi inayosema lugha yake mwenyewe. Naye Mhispania huliacha jina la Liverpool kama alivyolikuta.

Mtu akiitafuta sababu katika maana ya maneno hataiona. Sababu imo katika kuzoeana. Majina mengi yaliyobadilika sura ni yale yaliyopita midomoni mwa mabaharia, wafanyabiashara na wajumbe wa wafalme zamani sana, kabla ramani hazijawa kitu cha kila mtu. Yalilainika kwa kutumiwa, kama mpini wa jembe. Mji wa Zaragoza Waingereza waliuita Saragossa, na La Coruña, ambako jeshi lao lilipigana mwaka 1809, wakaiita Corunna. Majina hayo mawili sasa yanachakaa, kwa kuwa msafiri wa leo hulisoma jina la mji katika tikiti yake kabla hajalisikia kwa mtu. Umoja wa Mataifa nao, tangu mkutano wake wa Geneva wa mwaka 1967, umekuwa ukishughulikia usanifishaji wa majina ya mahali, na nia yake ni kuzipunguza sura hizi za kigeni. Mimi siifurahii sana nia hiyo. Londres ni ushahidi kwamba Wahispania waliujua mji ule tangu kale, na kuliondoa jina hilo ni kufuta ukumbusho kwa ajili ya unadhifu wa faharasa.

Mara nyingine sikio ndilo lililofasiri. Kusini mwa Florida kuna kisiwa kidogo ambacho Wahispania walikiita Cayo Hueso, yaani kisiwa cha mfupa. Wasemaji wa Kiingereza waliposikia hueso walidhani wamesikia neno lao la magharibi, na kisiwa kikawa Key West mpaka leo. Kosa hilo halikumdhuru mtu. Na kwa kuwa kisiwa chenyewe kiko upande wa magharibi wa safu yake, jina la makosa likaonekana kuwa la kweli. Habari ya Río de la Plata ni ya namna nyingine. Plata ni fedha, na Waingereza wa zamani walikuwa na neno plate lenye maana iyo hiyo, ndipo mto ukaitwa River Plate. Baadaye neno likahama, fedha ikasahauliwa, ikabaki sahani. La ajabu zaidi ni kwamba chama maarufu cha mpira cha Buenos Aires, kilichoundwa mwaka 1901, kilijiita River Plate, na hivyo maelfu ya Waargentina huushangilia mto wao wenyewe kwa jina ulilopewa na wageni. Msomaji wa Kiswahili hatastaajabu sana. Yeye ataona mara moja kwamba Gibraltar ni jabali la Tariq, na kwamba ndani ya Guadalquivir mna wadi na kabiri. Wahispania waliyarithi majina hayo ya Kiarabu wasiyafasiri, ila waliyatafuna tu.

Hayo ni mambo ya kuchekesha. Yako majina mengine ambayo mfasiri akiyagusa hugusa jeraha. Mto unaotenga Marekani na Meksiko huitwa Rio Grande kaskazini na Río Bravo kusini, na mkataba wa amani wa mwaka 1848, ulioufanya kuwa mpaka, uliyataja majina yote mawili. Mwaka 2025 serikali ya Marekani iliamuru Ghuba ya Meksiko iitwe Ghuba ya Amerika katika maandiko yake, na Meksiko ikakataa. Lakini mfano ninaotaka kukaa nao ni ule wa visiwa vya kusini mwa bahari ya Atlantiki, ambavyo Waingereza huviita Falkland na Waargentina Malvinas.

Kwanza yafaa ijulikane kwamba hakuna jina hata moja katika haya mawili lililo tafsiri ya jingine. Mwaka 1690 nahodha Mwingereza, John Strong, aliupa mlangobahari ulio baina ya visiwa viwili vikubwa jina la bwana mmoja wa kwao, Viscount Falkland. Kisha jina likaenea kutoka majini hadi nchi kavu. Mwaka 1764 Mfaransa Bougainville alileta walowezi, na kwa kuwa safari ilitoka bandari ya Saint-Malo, visiwa vikaitwa Malouines. Wahispania walilichukua jina hilo, wakalipa matamshi yao, likawa Malvinas. Basi jina ambalo Mwargentina hulitetea kama urithi wake ni la bandari ya Ufaransa, na lile la Mwingereza ni la bwana mkubwa ambaye hakuvikanyaga visiwa hivyo. Nalisema hili bila kejeli. Jina hupata uzito wake kwa yale yaliyotendeka chini yake, na asili yake hupungua thamani kadiri miaka inavyopita. Waingereza walivishika visiwa hivyo mwaka 1833. Waargentina walivivamia tarehe 2 Aprili 1982. Na vita vilipokwisha tarehe 14 Juni walikuwa wamekufa Waargentina 649, askari wa Uingereza 255, na wenyeji watatu.

Ramani ya visiwa hivyo ni darasa zima la ufasiri. Kijiji cha Goose Green huitwa na Waargentina Pradera del Ganso, yaani mbuga ya bata bukini, na hapo maana imefuatwa neno kwa neno. Mji mkuu, Stanley, ulipewa jina la Puerto Argentino mwezi Aprili 1982, na hapo pametumika amri ya serikali. Kisiwa cha mashariki, ambacho kwa Kiingereza kina jina la upande wake tu, kwa Kihispania huitwa Soledad, upweke. Lakini tazama yaliyobaki bila kuguswa. Majeshi ya Uingereza yalishuka pwani tarehe 21 Mei mahali panapoitwa San Carlos, na magazeti ya London yaliandika San Carlos bila kuona haya. Nao Waargentina waliozikwa huko wamo katika makaburi ya Darwin, kijiji kilichobeba jina la mwanachuoni Mwingereza aliyefika visiwani mwaka 1833 na tena 1834, na jamaa zao husema Darwin. Hata wenyeji, ambao ni wasemaji wa Kiingereza, huiita shamba na nyika yao yote Camp, neno walilolitoa katika campo la Kihispania.

Umoja wa Mataifa umepata njia yake. Katika maandiko yake ya Kiingereza, Falkland hutangulia na Malvinas huwekwa katika mabano. Katika yale ya Kihispania, Malvinas hutangulia na Falkland huingia mabanoni. Kwa ofisi, njia hii ni ya haki, wala sioni bora kuliko hiyo. Walakini hakuna mtu aliye hai anayesema kwa mabano. Mfasiri wa riwaya, wa barua au wa ushahidi wa askari hawezi kuiazima.

Yuko mtu mmoja aliyelikwepa jambo hili kwa ustadi. Jorge Luis Borges, aliyekuwa na bibi Mwingereza na kuzilea lugha zote mbili tangu utotoni, alitunga habari ya vita hivyo katika «Juan López y John Ward», iliyomo katika kitabu chake cha mwaka 1985, Los conjurados. Humo askari wawili wanauana. Mmoja amejifunza Kihispania apate kumsoma Don Quixote, na mwingine anampenda Conrad. Visiwa havitajwi kwa jina hata mara moja. Mfasiri wa Kiingereza huvuka salama, kwa kuwa mshairi amemwondolea mtego njiani. Wapo wanaousifu ukimya huo kuwa hekima tupu. Mimi nausifu nusu. Mzee aliyekuwa akitazama kutoka mbali aliweza kuziacha ramani nje ya utungo wake. Mama aliyemzika mwanawe Darwin hana nafasi hiyo. Akisema Malvinas, neno hilo kwake si dai la mpaka tu, ni mahali alipo mtoto wake.

Kwa hiyo naona kwamba jina lililo kinywani mwa msemaji libaki kama alivyolisema, hata kama kamusi ina jina jingine. Mfasiri anayeandika kwa Kiingereza na kumtia mama huyo neno Falkland mdomoni amemshuhudilia uongo; amemfanya akiri jambo ambalo hakulikiri. Sheria hiyo yapasa ikate pande zote mbili. Mwaka 2013 wenyeji wa visiwa walipigishwa kura kama wanataka kubaki chini ya Uingereza, na waliokataa walikuwa watatu tu. Mwenyeji akisimulia jinsi wanajeshi walivyoingia mjini kwao, mfasiri wa Buenos Aires na aandike Falkland, na Stanley, ijapokuwa wasomaji wake watanuna. Sauti ya mwandishi mwenyewe, anapoeleza upepo, kondoo na bahari, ni jambo jingine. Hapo mfasiri yu huru kutumia jina ambalo wasomaji wake wamelizoea, na maneno machache ya utangulizi yatosha kueleza kwamba majina ni mawili na mahali ni pamoja.

Linalonisumbua bado ni Puerto Argentino. Wengi husema kwamba jina lililotungwa kwa amri katikati ya vita halistahili heshima ya Malvinas, lenye zaidi ya karne mbili, na kwamba mfasiri aweza kulirudisha kuwa Stanley bila kumdhulumu mtu. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini barua ya askari kijana, iliyoandikwa Mei 1982 na kupelekwa kwao, ikiwa juu yake pana jina la Puerto Argentino, ningeliacha hapo hapo, juu ya tarehe.