Pumzi ya Ayo

Mpenzi wa ushairi anaijua thamani ya pumzi iliyo baina ya ukwapi na utao. Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala (1976) aliyelelewa Essen, Ujerumani, anaijua pia. Mwaka 2016 alijulikana kama Ayo, askari wa Wakanda, kwa kauli moja fupi tu. Mwaka 2019 alimpa sauti fisi aitwaye Shenzi, jina ambalo sisi wenye lugha hatulisikii bila kukunja uso.

Kipimo chake hasa ni tamthilia ya The Falcon and the Winter Soldier (2021). Usiku, kando ya moto, Ayo anayatamka moja baada ya jingine maneno yaliyowahi kumfanya mtu mtumwa wa mauaji, ili ajue kama bado yanamfunga. Sauti haipandi. Baada ya kila neno hunyamaza, akamtazama. Yule mtu analia; yu huru.

Nilikiona kisa hicho Rwamishenye, Bukoba, kwenye kibanda cha video. Mtafsiri alikijaza kila kimya kwa mzaha wake, watu wakacheka. Nilikwenda nyumbani nikakitazama upya, bila mtafsiri.