Uungwana wa Little Rock

Katika diwani yake *The Bean Eaters* ya mwaka 1960, Gwendolyn Brooks, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Pulitzer, ana shairi kuhusu mwandishi wa *Chicago Defender*, gazeti la Weusi, aliyetumwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1957.

Kisa chenyewe chajulikana. Tarehe 17 Mei 1954, Mahakama Kuu ya Marekani iliharamisha kuwatenga wanafunzi kwa rangi katika shule za umma. Septemba 1957, wanafunzi tisa Weusi walipofika Central High, Gavana Orval Faubus aliwazuia kwa askari wa jimbo; Rais Eisenhower akapeleka jeshi ndipo wakaingia darasani. Mwaka uliofuata, Faubus alizifunga shule za sekondari za umma mjini humo, za Weupe na za Weusi, kuliko kukubali wasome pamoja.

Brooks hamtaji Faubus. Mwandishi wake anaona watu wanaozaa, wanaochana nywele, wanaotengeneza mapaa, wanaoimba kanisani Jumapili, na kuitikia simu kwa adabu. Vina vinatiririka kwa utulivu. Kisha yanakuja mate na mawe, wasichana wanaandamwa, mvulana anavuja damu.

Hapo ndipo ulipo ubora wa shairi. Msomaji aliyelelewa na tendi za vita hutazamia adui atambulike tangu ubeti wa kwanza. Brooks anamnyima faraja hiyo: mkono urushao jiwe waweza kuwa ndio uliomwagilia maua asubuhi. Amri ya gavana ilipata nguvu kwa mikono kama hiyo.

Kasoro iko mwishoni. Mshororo wa kufungia unampandisha mhanga hadi kwa Kristo. Fikra ni nzito, lakini inamwondoa msomaji barabarani. Ukatili uliokuwa na mji na mwaka wake unageuka fumbo la milele, na mtendaji anapata pa kujificha. Shairi lilikuwa limekwisha kushinda kabla ya hapo.

Hata hivyo, swali lake halifutiki: adabu inayokomea kwenye rangi ni adabu gani? Msomaji wa pwani, ambaye lugha yake yenyewe ilimpima muungwana kwa kumtenga na mtumwa, hawezi kulisoma shairi hili kama habari za ugenini.